Juu ya Kuvaa Jaketi Okozi katika Maji ya Rukuba

Kisiwa cha Rukuba kimo katika Ziwa Victoria, upande wa Musoma, nacho kwa utawala ni sehemu ya Kata ya Etaro katika Mkoa wa Mara. Kazi kubwa ya wakazi wake ni uvuvi, na njia yao ya kwenda bara ni maji. Mgonjwa apelekwaye hospitalini mjini Musoma, mchuuzi apelekaye dagaa sokoni, mwalimu arudiye kazini baada ya likizo, wote hawana budi kuingia chomboni. Kwa mtu wa bara safari ya majini ni jambo la mara moja moja. Kwa mtu wa Rukuba ni jambo la kawaida, na kwa mvuvi ndiyo riziki yenyewe.

Makala haya yanakusudia kueleza jambo moja lihusulo safari hizo, nalo ni uvaaji wa jaketi okozi: lafanya kazi kwa namna gani, kwa nini watu walio nalo aghalabu hawalivai, na kwa njia gani wangeweza kuvutwa walivae. Swali hili si la wavuvi peke yao. Wapanda pikipiki wameulizwa habari ya kofia ngumu, na watu watelezao juu ya theluji katika nchi za baridi wameulizwa vivyo hivyo. Kila mahali swali ni moja: mtu hodari wa kazi yake atashawishiwaje kuvaa kinga ambayo ustadi wake wamwambia kwamba haihitaji? Majibu yaliyopatikana huko yana faida kwetu, mradi tuyapime kwa mizani ya ziwa.

HATARI YENYEWE

Ziwa Victoria lina eneo la kilometa za mraba zipatazo 68,800, na uso wake uko meta 1,134 hivi juu ya usawa wa bahari. Maji yake ni matamu, lakini tabia yake ni ya bahari. Mchana nchi kavu hupata joto upesi kuliko maji, na upepo huvuma kutoka ziwani kwenda ufukoni. Usiku mambo hugeuka. Nchi hupoa, ziwa hubaki na joto lake, na pepo za pande zote huelekea ziwani. Zikutanapo, hewa yenye unyevu hupanda juu na kufanya mawingu ya radi. Ndiyo sababu dhoruba nyingi za ziwa hili hutokea usiku na alfajiri, saa ambazo mtu aliye ufukoni pengine aona nyota.

Saa hizo ndizo saa za mvuvi wa dagaa. Dagaa huvutwa kwa mwanga wa taa, zamani karabai, siku hizi aghalabu taa za betri na za umeme wa jua. Na mwanga wa taa hushindwa na mwanga wa mwezi mkubwa. Kwa hiyo wavuvi huchagua usiku wa giza, wakapumzika mwezi uwapo mpevu. Maana yake ni kwamba kazi yenyewe yamtaka mtu awe mbali na nchi kavu, gizani, katika chombo kilicho wazi, wakati ule ule ambapo ziwa lina desturi ya kuchafuka.

Misiba mikubwa ya ziwa hili inajulikana. Tarehe 21 Mei 1996 meli ya MV Bukoba ilizama karibu na Mwanza, wakafa watu zaidi ya 800. Tarehe 20 Septemba 2018 kivuko cha MV Nyerere kilipinduka karibu kabisa na gati la Ukara, na waliokufa walihesabiwa kuwa 228, hali kivuko kilikuwa na nafasi ya watu 101. Katika Mkoa wa Mara wenyewe, tarehe 30 Julai 2023, mitumbwi miwili iliyochukua waumini waliokuwa wakirudi kutoka ibadani ilizama huko Mchigondo, Wilaya ya Bunda, na zaidi ya watu kumi wakapoteza maisha. Misiba ya namna hii huandikwa magazetini. Lakini mvuvi mmoja aangukaye kutoka katika mtumbwi wake usiku haandikwi popote. Habari zake huishia mwaloni na nyumbani kwake. Utafiti uliochapishwa mwaka 2019 juu ya jamii za wavuvi za ufuko wa Tanzania ulionyesha kwamba wengi wa wanaokufa maji ni wanaume, na kwamba vifo vingi huhusiana na kazi na safari za majini. Watu hao ndio wenye kulisha nyumba. Kwa mwanamke wa kisiwani, kifo cha mume ziwani ni msiba na ufukara kwa siku moja, na mara nyingine hapana hata maiti ya kuzika.

JINSI JAKETI LIFANYAVYO KAZI

Wahenga walisema, “Ukiona vyaelea, vimeundwa.” Mtumbwi huelea kwa sababu fundi ameupa umbo la kusukuma maji kuliko uzito wake. Mwili wa mwanadamu haukuundwa hivyo, ila nao hautaki msaada mkubwa. Uzito wa mwili karibu ni sawa na uzito wa maji unayoyasukuma, hata mtu mzima wa kilo 70, akiwa majini, hubaki na uzito wa kilo 4 au 5 tu wa kuchukuliwa ili kichwa chake kikae juu. Uzito huo mdogo ndio unaoua. Mwogeleaji huuchukua kwa nguvu za mikono na miguu. Nguvu zikiisha, hana wa kumpokea.

Jaketi okozi humpokea. Ndani yake mna kitu chepesi chenye hewa nyingi isiyoingiliwa na maji. Hapo kale kilikuwa magome ya mti ule utoao vizibo vya chupa. Baadaye ikawa sufi, hii tuijuayo sote kwa kujazia mito na magodoro. Na siku hizi ni sponji ngumu ambayo kila kijishimo chake kimefungwa peke yake. Nguvu ya jaketi hupimwa kwa nyutoni. Lenye nyutoni 50 humsaidia mtu ajuaye kuogelea aliye karibu na msaada. Lenye nyutoni 100 huweza kuinua mzigo wa kilo 10 hivi, nalo huwa na ukosi nyuma ya shingo ili kuinua kichwa na kuelekeza uso juu. Jambo la ukosi ni kubwa. Mtu aliyegongwa na ubao wa mtumbwi akazimia hawezi kuogelea hata akiwa bingwa; asipogeuzwa uso juu atakufa katika maji yasiyofika kifuani.

Kwa hiyo dumu tupu la plastiki, ambalo wavuvi wengi hulitumia badala ya jaketi, lina faida lakini halitoshi. Huelea vizuri, lakini lataka kushikwa. Mikono ikishikwa na ganzi au ikichoka, dumu huenda zake na mtu hubaki.

Nguvu ya kinga hii ilidhihirika mapema. Tarehe 9 Februari 1861, katika mji wa Whitby, Uingereza, wanamaji 13 wa mashua ya uokoaji waliingia baharini tena na tena katika dhoruba, wakaokoa mabaharia wa merikebu kadhaa. Katika safari ya mwisho mashua yao ikapinduka, wakafa 12. Aliyepona ni mmoja, Henry Freeman, naye ndiye peke yake aliyekuwa amevaa jaketi la namna mpya lililotengenezwa kwa yale magome ya vizibo. Yafaa kutazama kwamba wenzake hawakuwa wageni wa bahari. Walikuwa wastadi waliochaguliwa kwa ustadi wao.

Haitupasi kulisifu jaketi kupita kiasi. Halizuii dhoruba, wala halifai kuwa ruhusa ya kujaza watu kupita nafasi. Tena katika chombo chenye paa na vyumba, kikipinduka, mtu aliyevaa jaketi aweza kusukumwa juu akabanwa ndani. Lakini mtumbwi wa mvuvi hauna paa. Ukipinduka, kila aliyemo hujikuta majini papo hapo, na mtumbwi wa mbao mara nyingi hubaki ukielea. Aliyevaa jaketi huweza kukaa karibu nao mpaka kuche na wenzake wa mwaloni wamtafute.

KUWA NALO SI KULIVAA

Hapa ndipo penye fundo la habari yetu. Vyombo vya majini vya Tanzania hukaguliwa, na Shirika la Uwakala wa Meli Tanzania, TASAC, lililoundwa kwa sheria ya mwaka 2017, ndilo lenye dhamana ya usalama wake. Mkaguzi huuliza kama majaketi yamo. Akionyeshwa, huandika kwamba yamo. Lakini jaketi lililofungwa ndani ya mfuko chini ya nyavu ni sawa na jaketi lililobaki dukani. Mtumbwi hupinduka kwa muda wa kuvuta pumzi mbili. Hapana awezaye kufungua mfuko gizani, katikati ya mawimbi, akatafuta tundu za mikono, akafunga vifungo. Jaketi huvaliwa ufukoni, ama halivaliwi kabisa.

Basi kwa nini halivaliwi? Sababu ni nyingi, na si haki kuzikusanya zote katika neno “uzembe.”

Ya kwanza ni mali. Katika uvuvi wa ziwa, mwenye mtumbwi, ambaye huitwa tajiri, hununua chombo, nyavu, injini na mafuta. Wavuvi huleta nguvu zao, na mapato hugawanywa kwa mapatano. Jaketi limeanguka katikati. Tajiri aona kuwa ni vazi, na vazi ni juu ya mvaaji. Mvuvi aona kuwa ni kifaa cha chombo, na kifaa ni juu ya tajiri. Kila mmoja amngoja mwenziwe, na ziwa halimngoji mtu.

Ya pili ni kazi. Jaketi pana la abiria lina joto, huzuia mikono, na vifungo vyake hunasa nyavu. Mvuvi alivuaye wakati wa kuvuta wavu ana hoja. Dawa ya hoja hiyo ni jaketi lililokatwa kwa ajili ya kazi, jembamba kifuani, wazi mabegani, lisilo na kamba zinazoning'inia. Majaketi ya namna hiyo yapo ulimwenguni, na kununua mapana kwa sababu tu ni rahisi ni kununua vitu vya kuonyesha wakaguzi.

Ya tatu ni ustadi. “Mimi nimezaliwa majini,” husema kijana wa kisiwani, naye hasemi uongo. Lakini kuogelea mchana karibu na ufuko si sawa na kuogelea usiku, mwenye nguo zilizolowa, asijue ufuko uko upande gani. Ustadi wa kuogelea hupungua kila dakika. Uwezo wa sponji haupungui.

Ya nne ni haya. Kijana aingiapo chomboni peke yake amevaa na wenzake hawakuvaa, huonekana mwoga. Yasemekana pia kwamba ajiandaaye kuzama hujiitia kuzama. Sababu hii ndiyo nguvu kuliko zote, kwa kuwa haiondolewi kwa fedha wala kwa amri, nayo yahusu zaidi elimu ya lugha na desturi kuliko elimu ya mitambo.

MAFUNZO YA KOFIA NGUMU

Twende sasa mbali kidogo, kwa watu walioshindana na haya hiyo hiyo. Katika milima ya Ulaya na Marekani watu huteleza juu ya theluji kwa vibao viwili miguuni au kwa ubao mmoja mpana, wengine kwa mwendo wa gari. Akianguka mtu akagonga kichwa juu ya barafu au mti, hatari ni kubwa. Hata hivyo kwa miaka mingi waliovaa kofia ngumu walikuwa wachache, na wengi wao washindani. Mtelezaji wa kawaida aliona kuwa kofia hiyo yamfanya aonekane mgeni wa theluji.

Hali ikageuka. Katika Marekani, msimu wa 2002 na 2003, aliyevaa alikuwa kama mmoja katika wanne. Miaka kumi na mitano hivi baadaye wavaaji walipita wanane katika kumi. Badiliko hilo lilitokea bila ya sheria ya nchi nzima kuwalazimisha watu wazima. Watoto walivalishwa kwanza, wakakua wakiona kofia kuwa sehemu ya mchezo. Kofia zikawekwa mahali pale pale pa kukodi vibao, mtu asilazimike kuzitafuta kwingine. Mwaka 2009 kampuni ya Vail Resorts ikaamuru watumishi wake watelezao wavae kofia kazini. Wageni walipowaona walimu, ambao ndio hodari kuliko wote, wamevaa, hoja ya kwamba kofia ni ya waoga ilikosa mahali pa kusimama. Misiba ya watu mashuhuri nayo iliamsha watu, kama kifo cha mwigizaji Natasha Richardson, aliyeanguka huko Quebec, Kanada, mwezi wa Machi 2009 bila ya kofia. Lakini woga wa msiba hupoa, na desturi hudumu.

Kofia hiyo si hirizi. Uchunguzi mwingi uliokusanywa pamoja na kuchapishwa mwaka 2010 ulionyesha kuwa yapunguza majeraha ya kichwa kwa sehemu ya 35 katika 100 hivi. Yaani wako ambao waliumia ingawa walivaa, kama Michael Schumacher, bingwa wa mbio za magari, aliyeanguka kwenye theluji Desemba 2013. Mwenye kuhimiza hana budi kusema kweli hiyo mapema, kwa sababu akiahidi usalama kamili, ajali ya kwanza itamwumbua.

Mfano wa pili ni wa barabarani. Tarehe 15 Desemba 2007 nchi ya Vietnam ilianza kuwalazimisha wapanda pikipiki wote kuvaa kofia ngumu katika barabara zote. Kabla ya hapo wavaaji hawakufika nusu. Baada ya hapo walipita tisa katika kumi karibu mara moja. Huku kwetu pia sheria yamtaka mwendesha pikipiki avae. Basi mtu aweza kusema kwamba sheria yatosha. Lakini barabara ina askari njia panda, na ziwa halina njia panda. Mtumbwi ukishaondoka mwaloni jioni, hapana wa kuuona mpaka asubuhi. Sheria yaweza kumvisha mvuvi jaketi akiwa ufukoni; kinachoweza kumwacha nalo katikati ya maji ni wenzake waliomo chomboni.

Kwa hiyo ziwa lafanana na mlima wa theluji kuliko barabara. Huko juu nako hakuna askari, ila desturi ya kundi.

MANENO YA KUHIMIZIA

Desturi hubebwa na maneno, na hapa wanafunzi wa Kiswahili wana kazi ya kufanya. Mialo ya ziwa hukusanya Wajita, Wakwaya, Wakerewe, Wajaluo na wengineo, na Kiswahili ndicho kinachowaunganisha kazini. Neno likikosea, himizo zima hukosea.

Chombo chenyewe kina majina mengi. Wengine husema “laifu jaketi,” wengine “boya,” wengine “jaketi okozi.” Neno “boya” ni zuri kwa kuwa ni fupi na la kale, lakini lina matatizo mawili. Mvuvi hulitumia kwa kitu kieleacho juu ya wavu, hata ukimwuliza kama ana maboya aweza kujibu kwa haki kwamba anayo mengi. Tena katika lugha ya vijana “boya” ni mtu mjinga asiyejua mambo. Ukimwambia kijana “vaa boya,” umempa mwenziwe mzaha tayari. “Jaketi okozi” halina aibu hiyo. Sehemu yake ya pili yatokana na kuokoa, shina lile lile la “mwokozi,” na sehemu ya kwanza yatangaza kwamba ni kitu cha kuvaliwa. Jina lenyewe ni mafundisho: jaketi halibebwi katika mfuko.

Kiswahili kimetupa pia mchezo wa bahati katika vitenzi. Kuvua samaki na kuvua nguo husikika sawa sikioni, ingawa maana ni mbali. Mwenye kutunga maneno ya kuandika ubavuni mwa mtumbwi angeweza kusema, “Vua samaki, usivue jaketi.” Maneno ya namna hii hushika kwa sababu humchekesha msikiaji pasipo kumtukana. Kinyume chake ni mbao zenye kuanza kwa “Ni marufuku,” ambazo msomaji amekwisha kuziona nyingi mno hata haziingii tena machoni.

Lakini neno lenye nguvu kuliko yote upande wa kutovaa ni methali, “Ajali haina kinga.” Husemwa baada ya msiba ili kuwafariji wafiwa, na hapo yafaa. Ikisemwa kabla ya safari ili kukataa jaketi, imetumiwa vibaya, na historia ya neno yathibitisha hivyo. “Ajali” limetoka katika Kiarabu, ambamo maana yake ni muda uliowekwa, yaani siku ya mtu ya kufa. Na katika kamusi za zamani za Kiswahili maana iliyotangulia ni hiyo hiyo, majaliwa na kifo. Maana ya mgongano wa magari au kupinduka kwa chombo imekuja kuenea baadaye. Basi methali yanena juu ya saa iliyoandikwa, ambayo hakuna mwenye imani aipingaye. Haineni juu ya wimbi. Na mtu yule yule asemaye kwamba ajali haina kinga hufunga mlango wake usiku, hutia nanga chombo chake, na humpa mtoto wake chanjo. Hajaona kuwa mambo hayo yapingana na majaliwa. Jaketi ni katika jamii ya nanga na mlango. Dhoruba haina kinga, mtu anayo.

YAFAAYO KUFANYWA

Kutokana na hayo yote twaweza kutaja mambo machache ambayo kisiwa kama Rukuba chaweza kuyaanza pasipo kungoja mtu wa mbali.

Kwanza, jaketi lihesabiwe katika zana. Tajiri anunuapo nyavu na injini, anunue na majaketi kwa idadi ya watu wake, na gharama yake ihesabiwe katika mapatano kama ihesabiwavyo ya mafuta. Injini ikizama hununuliwa nyingine. Fundi wa kuvuta wavu hanunuliki.

Pili, nahodha avae kwanza. Yeye ndiye mwalimu wa chombo, kama walivyokuwa walimu wa theluji. Nahodha mzee mwenye sifa akivaa na kufunga vifungo vyote mbele ya watu, kisha akasema kwamba hausukumi mtumbwi mpaka wote wamefunga, kijana hana tena haya ya kuvaa. Ana haya ya kutovaa.

Tatu, watoto na abiria watangulizwe. Mtoto apewe jaketi la kipimo chake, kwa kuwa la mtu mzima humtoka kichwani aingiapo majini. Mtoto aliyezoea kulivaa kila aendapo Musoma atakapokuwa mvuvi hatakumbuka siku alipoanza.

Nne, jaribio lifanywe mchana mbele ya macho. Karibu na ufuko, mahali salama na penye waangalizi, wavuvi waingie majini na nguo zao za kazi, kwanza bila ya jaketi, kisha nalo. Mtu aliyeisikia tofauti hiyo mwilini mwake hahitaji hotuba.

Tano, majaketi yatunzwe. Yakaushwe kivulini, yawekwe mbali na petroli, yasikaliwe kama mito. Sponji iliyosagika hupoteza nguvu yake. Lililochanika lishonwe, na lililokwisha litupwe, lisibakizwe kwa ajili ya ukaguzi.

Sita, vikundi vya usimamizi wa uvuvi vilivyoko katika mialo, viitwavyo BMU, vihesabu wavaaji, visihesabu majaketi. Jioni, mitumbwi iondokapo, mtu mmoja asimame na daftari aandike ni wangapi wamevaa na wamefunga. Hesabu hiyo isomwe katika mkutano pasipo kumtoza mtu faini, kila mwezi, ili mwalo ujue kama waendelea au warudi nyuma.

Shirika la Afya Duniani limekadiria kwamba mwaka 2021 watu wapatao 300,000 walikufa maji duniani, na Umoja wa Mataifa umeiweka tarehe 25 Julai kuwa siku ya kukumbusha watu kinga ya vifo hivyo. Ukumbusho ni mwema. Lakini kipimo cha kazi hii hakitapatikana katika sherehe. Kitapatikana jioni ya usiku wa giza, taa zikipakiwa, mtumbwi ukisukumwa majini. Hapo atazamaye ataona kama vifungo vya jaketi vimefungwa, au kama jaketi limetupwa chini ya nyavu likimngoja mkaguzi ambaye usiku ule hatakuja.